Mkono wa Mwenye Kanzidata

Kampuni ya magodoro ilikuwa tayari kuhamia kwenye kanzidata huria, programu ya kutunzia kumbukumbu zake. Kilichokosekana ni mtu wa kushikana naye mkono.

Hapo ndipo mambo yalipokwama, tena yalikwama vibaya. Bodi ya kampuni ilisema haiwezi kuweka majina ya wateja na oda za magodoro kwenye programu ambayo haijaandikwa gazetini. Gazeti nalo lilisema haliwezi kuandika habari za programu ambayo hakuna kampuni ya maana iliyoichukua. Hilo peke yake lingemalizwa na mtu yeyote mwenye ulimi wa kuzungumza na pande zote mbili. Lakini ukurasa wa biashara wa gazeti lile ulikuwa na desturi yake: hakuna habari bila picha, na picha ni moja tu, ya muuzaji na mnunuzi wameshikana mikono, wanaikodolea kamera, wanacheka jambo ambalo msomaji haambiwi. Saruji imeuzwa, mkono. Matrekta yamefika, mkono. Hata ghala la rangi lilipoteketea, gazeti lilitoa picha ya mkurugenzi akishikana mkono na mkuu wa zimamoto, wote wawili meno nje.

Msemaji wa kampuni, mwanamume wa koti zito ambaye hata akiomba maji ya kunywa alisikika kama anasoma tangazo, alishuka hadi chumba cha kompyuta. Huko alimkuta fundi kompyuta, ambaye jengo zima lilimwita Sista Waya kwa sababu hakuwahi kuonekana bila waya shingoni.

"Sista Waya, mwenye hii programu ni nani?"

"Haina mwenyewe."

"Kafa?"

"Hajawahi kuwepo. Wameiandika watu maelfu, kila mtu kipande chake, kila mtu kwao. Unaichukua, unaifungua, unairekebisha, unampa mwenzio. Bure."

"Bure," alisema Msemaji, na uso ukamkunjamana kama mtu aliyeguswa jino bovu. "Na katika hao maelfu, hakuna hata mmoja mwenye koti?"

Sista Waya akakuna kichwa. Hakutaka kumweleza kwamba programu ya kulipia waliyokuwa nayo ilishakata roho zamani, na kwamba magodoro yote yaliyouzwa tangu msimu wa mvua yalikuwa yakipita kwenye hiyo ya bure. Kwa hiyo kampuni ilikuwa imeshahama bila yenyewe kujua. Picha tu ndiyo ilikuwa bado.

"Koti sijui," akasema. "Ila mmoja yuko hapa hapa, chini ya ngazi. Anatengeneza saa."

*

Chini ya ngazi za jengo lile, pale ambapo wenye jengo wengine wangeweka mafagio, palikuwa na meza, taa ya kupinda, na Fundi Saa. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye lenzi iliyomganda jichoni kiasi kwamba wapita njia walimjua kwa jicho moja. Mkono wake wa kulia ndio uliokuwa ukimlisha. Kwa kibanio angeweza kuokota skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi na kuiweka mahali pake huku anapiga soga.

Siku hiyo mezani kwake palikuwa na saa ya ukutani ya mama mkwe wake, ya sanduku la mbao, yenye kidude kinachobembea na nyundo ya kugonga. Ilikuwa imefunguliwa, utumbo nje.

Na hii haikuwa saa ya kuchezea. Mama mkwe alikuwa haoni tena. Macho yalimwondoka taratibu, la kushoto kwanza, la kulia likafuata, na tangu hapo siku yake yote aliiishi kwa masikio. Saa ikigonga nane asubuhi alijua ni saa mbili, anakunywa dawa zake. Ikigonga mbili mchana alijua ni saa nane, anakunywa tena. Ilipokwama akawa kama mtu aliyetupwa shimoni. Mchana na usiku vikawa kitu kimoja. Mkewe Fundi, Mama Pacha, alimkabidhi saa ile kwa mikono miwili, akamwambia neno moja tu: "Fanya haraka." Kwa Mama Pacha, maneno mawili ni hotuba.

Alipoona koti linajikunja kuingia chini ya ngazi, Fundi Saa alidhani ni mteja.

"Betri au mkanda?"

"Tumeambiwa wewe ndiye mwenye kanzidata," alisema Msemaji.

"Mimi?"

"Sista Waya kasema."

Fundi akatoa lenzi jichoni, akacheka. "Kaka, nimebadilisha mstari mmoja tu. Niliweka orodha ya saa za wateja kwa hiyo kanzidata, kwenye kompyuta ya watoto wangu, hii hapa. Nikiandika mteja atapita saa mbili asubuhi, mashine inamsubiri saa nane za usiku. Nikaitukana wee, mpaka mama mkwe akaniuliza, 'Kwani huwezi kuiambia itoe sita, kama tunavyofanya wote?' Nikaifungua kama ninavyofungua saa, nikatafuta mpaka nikapaona pa kugusa. Nikawapelekea wenyewe. Wakajibu: asante, imeingia. Basi."

"Nani hao wenyewe?"

"Sasa unaniulizaje mimi, na nimeshakwambia mimi siye?"

Msemaji akalikagua shati lake. Katika maneno yote yale alikuwa amesikia moja: imeingia. "Una koti?"

Fundi Saa angekataa, na ukimuuliza leo anaapa kwamba alikuwa mbioni kukataa. Lakini mtu aliyekaa chini ya ngazi miaka yote, akiona viatu tu vya wakubwa vikipanda na kushuka juu ya kichwa chake, akiambiwa njoo ghorofa ya juu upigwe picha, kuna kitu kinamtekenya. Akafuta vidole, akaifunika saa ya mama mkwe kwa kitambaa, akapanda.

Mkurugenzi wa magodoro alikuwa pande la mtu lililoamini kwamba uaminifu wa mfanyabiashara unapimwa kwa anavyobana. Aliukamata mkono wa Fundi akaubana kama anakamua nguo. Mpigapicha akasema bado, jua linaingia. Wakabanana tena. Akasema yule mwembamba acheke. Wakabanana tena. Mwandishi wa biashara, mama mmoja mwepesi wa kalamu aliyekuwa na habari nyingine tatu za mikono siku hiyo, akauliza, "Kwa hiyo wewe ni mwasisi?"

"Mimi nilirekebisha mstari wa saa."

"Mwasisi na mrekebishaji," akaandika.

*

Gazeti lilitoka na kichwa cha habari kilichovuka ukurasa: MAGODORO YAHAMIA KANZIDATA HURIA, MWASISI ATOKEA. Fundi kwenye picha alikuwa amekunja uso kwa maumivu, lakini wasomaji waliona ni uso wa mtu mwenye mawazo mazito.

Mama Pacha alimsomea mama yake habari yote, neno kwa neno. Bibi akasikiliza, akafikiri, akauliza:

"Baba Pacha, umewauzia nini?"

"Sijauza kitu, Mama. Ni cha bure."

"Sasa mkono walikushika wa nini?"

Fundi akaukanda mkono. Ni swali ambalo wachumi wenyewe wangelikimbia.

"Na saa yangu?"

"Kesho, Mama."

Kesho ilikuja na kampuni ya mabasi. Keshokutwa kiwanda cha mikate. Kisha bima, kisha kiwanda cha madirisha, kisha chama cha wenye mashine za kusaga. Kila mmoja alitaka kuhamia, na kuhama, kwa walivyoelewa wao, ni kushikana mkono na Fundi Saa mbele ya mpigapicha. Fundi kompyuta wa mabasi alijaribu kumweleza bosi wake kwamba tiketi zao zimekaa ndani ya kanzidata ile tangu siku nyingi. Bosi akamkata kauli: "Bila picha? Ungekuwa umeoa bila mashahidi ungesema umeoa?" Wakashikana.

Mwenye mikate alifumba macho picha ilipopigwa, kwa hiyo ikabidi kiwanda kihamie mara ya pili. Bima walihamia mara tatu, kwa sababu wakurugenzi wao walikuwa watatu na hakuna aliyekubali kusimama nyuma. Mwenye madirisha alileta mwanasheria na mkataba wa kununua.

"Hakuna cha kununua," alisema Fundi. "Ichukue tu."

Mwanasheria akamnong'oneza bosi. Bosi akanyanyua kidole. "Tunachukua yote au sehemu?"

"Yote."

"Na wenzetu wakitaka?"

"Nao wachukue yote."

Mwanasheria akaketi, akaomba maji.

Kila alipoandika, Mwandishi aliandika kwamba wimbi linazidi kukua, na ushahidi wa wimbi ulikuwa habari alizoandika mwenyewe wiki iliyopita. Makampuni yakasoma kuna wimbi, yakaogopa kuachwa, yakapiga simu kuuliza mkono una nafasi lini. Msemaji wa magodoro akajipa kazi ya kupanga miadi. Akamhamisha Fundi kutoka chini ya ngazi hadi chumba chenye zulia ghorofa ya juu, akisema si vizuri mwasisi kuonekana akibadilisha betri. Meza yake ya saa ikabaki kule chini, na mlinzi akaanza kuwekea chai.

Fundi alivimba kichwa, usinielewe vibaya. Alishonesha koti. Alijifunza kukaa kiti kinachozunguka. Lakini mkono nao ulivimba. Wafanyabiashara wanabana, na kila mmoja alikuwa amesikia kwamba aliyemtangulia alibana sana. Kiganja kikawa kama mkate wa kuumuka, kidole gumba hakikunjiki. Jioni moja alirudi nyumbani na saa ya mama mkwe kwapani, akaiweka mezani, akashika kibanio aokote skrubu. Kibanio kikamdondoka. Akakiokota, kikadondoka tena. Skrubu ikaruka, ikabidi nyumba nzima wapige magoti kuitafuta, mpaka bibi mwenyewe ndiye aliyeipata, kwa kupapasa.

"Hii hapa," akasema. "Mkono wako una nini, mwanangu?"

"Umechoka, Mama."

"Kwa kazi gani?"

Lile swali tena.

*

Akaamua kukanusha. Alikwenda mwenyewe ofisi za gazeti, akapokewa na Mhariri, mzee wa suruali za mikanda ya mabegani, aliyemkaribisha kwa furaha na, kabla Fundi hajaficha mkono mfukoni, akaushika.

"Mhariri, nimekuja kusema mimi si mwenye kanzidata. Nilibadilisha mstari mmoja. Mnawadanganya watu, na mkono wangu unakufa."

"Hiyo ni habari kubwa," alisema Mhariri. "Tutaitoa kesho."

"Kweli?"

"Neno kwa neno. Tungojee mpigapicha tu."

Habari ilitoka kweli, neno kwa neno: MWENYE KANZIDATA AKANUSHA KUWA MWENYE KANZIDATA. Juu yake picha: Fundi Saa na Mhariri wameshikana mikono.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Watu walisoma, wakaguswa. Tajiri gani huyu anayekana mali yake hadharani? Mkurugenzi wa magodoro akasema ndivyo walivyo wakubwa wa kweli, hawajisifu. Makampuni yaliyokuwa yakisitasita yakaacha kusita. Tena likaja jambo ambalo hata Sista Waya alilicheka mpaka waya zikamdondoka: gazeti lenyewe liligundua kwamba maktaba yake ya habari za zamani inaendeshwa na kanzidata ile ile, ikabidi Mhariri ashikane na Fundi upya, kwa sababu picha ya mwanzo ilikuwa ya kukanusha na hii ni ya kuhamia.

Nyumbani, mambo hayakuwa ya kuchekesha. Mama Pacha alitoka sokoni siku moja akamkuta mama yake ameketi kitandani, jasho linamtiririka. Alikuwa amekunywa dawa za asubuhi. Halafu kwa kutojua kama asubuhi imepita au bado, akanywa nyingine. Jirani akasaidia, daktari akaja, bibi akatulia. Lakini daktari alisema waziwazi kwamba safari nyingine huenda akafika akiwa amechelewa.

Fundi alipoingia, mkewe alikuwa mlangoni.

"Baba Pacha."

"Nimesikia, Mama Pacha. Kesho..."

"Usiniambie kesho. Nitakaa naye mimi asubuhi. Lakini dawa ya saa nane mchana, kesho, mama ataisikia kwenye saa yake ukutani. La sivyo rudi huko juu kwenye zulia, wakupikie hao unaoshikana nao."

Hayo kwa Mama Pacha yalikuwa maneno ya mwaka mzima. Fundi akaanza kuhesabu muda aliobakiwa nao. Maana kesho hiyo hiyo asubuhi ndiyo Msemaji alikuwa amekodi ukumbi, na makampuni yote yaliyobaki mjini yangehamia kwa mpigo mmoja.

*

Ukumbi ulijaa makoti. Foleni ilianzia jukwaani, ikapita katikati ya viti, ikatoka nje, ikapinda kwenye maegesho. Wauza vioo, wauza maji, wenye meli za mizigo, wenye shule za udereva, pamoja na waliokwisha kuhama waliorudi kutaka picha nyingine. Walikuwa wakijinyoosha vidole kama wapiga mieleka. Nyuma yao, wamebanana ukutani, walisimama mafundi kompyuta wao, waliokuja kwa sababu wakubwa hawakujua nani atawajibu wakiulizwa swali.

Fundi Saa alisimama jukwaani, mkono nyuma. Aliitazama foleni. Akautazama mkono. Alihesabu moyoni, akaona akimaliza foleni ile hatashika tena hata kijiko, achilia mbali kibanio. Na saa iko mezani nyumbani, utumbo nje.

"Mwasisi, anza na wenye meli," alinong'ona Msemaji. "Wana haraka."

"Nina neno kwanza."

"Fupi."

Fundi akasogelea kipaza sauti. Hakuwa mzungumzaji. Alizungumza kama anavyomweleza mteja kwa nini saa yake imekufa.

"Jamani, kanzidata hii ina sharti moja. Yeyote anaweza kuichukua, na yeyote anaweza kuirekebisha. Mimi nimerekebisha mstari mmoja, ndiyo maana mnanishika mkono. Sasa nauliza. Hapa ndani hakuna mwingine aliyewahi kurekebisha chochote? Hata nukta?"

Kule ukutani Sista Waya akainua mkono. "Mimi nilirekebisha makosa mawili, na maelezo ya kuanzia niliyaandika upya."

"Basi wewe ni mwenyewe mara tatu kuliko mimi," alisema Fundi. "Wengine?"

Fundi wa mabasi akainua. Wa mikate akainua, akisema yeye alitafsiri onyo moja tu. Wa bima akasema alituma rekebisho, wakamrudishia, akatuma tena, wakakubali. Mkono huu, mkono ule, ukuta mzima ukawa mikono.

"Haya," alisema Fundi Saa. "Hao wote ni wenye kanzidata. Shikaneni nao. Na ambaye fundi wake hayumo, amwambie leo arekebishe nukta, kesho atakuwemo."

Foleni nzima ikageuka kutazama ukutani. Kisha mkurugenzi wa bima, aliyekuwa mbali sana kwenye foleni, aliona njia ya mkato. Akageuka, akamkamata fundi wake mwenyewe, yule aliyempita kila siku kwenye lifti bila salamu, akaubana mkono wake. "Mpigapicha! Huku!" Mwenye mabasi akaruka viti. Wenye meli, ambao hawakuja na fundi, wakamgombania wa mikate. Foleni ikavunjika. Mtu akimshika mwenzake anamuuliza, "Wewe mwenyewe au mnunuzi?" na mwenzake anajibu, "Sijui, wewe je?" wanabanana tu, meno nje. Wakurugenzi wawili wa vioo walishikana wao kwa wao na hawakukubali kuachana mpaka wapigwe picha. Mpigapicha alizunguka katikati kama pia, akilia kwamba haoni nani aandikwe kushoto.

Msemaji alipogeuka jukwaani, mwasisi alikuwa ameingia mitini.

*

Fundi Saa alifika nyumbani koti likiwa begani. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake, uso umeelekea ukuta mtupu uliobaki na msumari wa saa. Mama Pacha alitoa sahani mezani bila kusema kitu, akawasha taa, akasimama pembeni.

Mkono wa kulia ulikataa. Akashika kibanio kwa kushoto, kama mtu anayejifunza kula upya. Skrubu ya kwanza ilimtoa jasho. Ya pili Mama Pacha aliishikilia kwa pini ya nywele. Wakati unakwenda, na yeye kila mara anauliza, "Ni saa ngapi?" na mkewe anachungulia simu: saa saba. Saa saba na nusu. Saa nane kasoro.

Saa za aina ile, ndugu msomaji, hazijui ni saa ngapi. Zina gurudumu lenye mapengo, linahesabu milio kwa zamu: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, kisha moja tena. Fundi ndiye anayelipanga gurudumu lilingane na mishale. Kazi ndogo, ila inataka kichwa kilichotulia. Kichwa cha Fundi kilikuwa na kitu kimoja tu: saa nane, saa nane, dawa ya saa nane. Akalipanga, akafunga sanduku, akaitundika, akasukuma kidude kikaanza kubembea.

"Inachechemea," alisema mama mkwe.

"Wapi, Mama?"

"Hatua moja ndefu, moja fupi. Inua upande wako kidogo. Kidogo, nimesema. Hapo. Sasa inatembea."

Wakangoja wote watatu. Mishale ikafika. Ndani ya sanduku kitu kikakoroma, nyundo ikajiinua, ikaanza kugonga. Moja. Mbili.

Fundi akashusha pumzi.

Tatu. Nne.

Pumzi ikarudi juu. Tano, sita, saba. Ikagonga nane, ikanyamaza.

"Mama, nimeharibu," alisema Fundi. "Mshale mfupi uko kwenye mbili, ilitakiwa igonge mbili. Nilikuwa nasema nane, nane, nikalipanga gurudumu kwenye nane. Naishusha sasa hivi, nisubiri..."

"Ukiigusa utaniona."

"Lakini, Mama..."

"Imegonga ngapi?"

"Nane."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa nane."

"Sasa umeharibu nini?" Bibi akanyoosha kiganja, Mama Pacha akamwekea vidonge. "Tangu niolewe ninasikia mbili ninasema nane, ninasikia nane ninasema mbili. Maisha yangu yote ninaitolea hesabu saa isiyojua kuhesabu. Iache ilivyo. Mimi nimechoka kutoa sita."

Akameza dawa zake. Fundi akaketi sakafuni pale pale, mgongo ukutani, chini ya saa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi aliona amekaa mahali pake.

Mlango ukagongwa.

Walikuwa Mwandishi wa biashara na mpigapicha, nywele zimewasimama, jasho limewalowesha. Ukumbini walikuwa wamepiga picha mpaka kamera ikachoka, na hakuna hata moja iliyoonyesha mwenyewe ni yupi. Mhariri alikuwa ameshika ukurasa mtupu akiwasubiri. Fundi alijikunyata nyuma ya kiti, mkono kwapani. Mama mkwe ndiye aliyeinuka, akapapasa njia yake hadi mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Tunamtafuta mwenye kanzidata."

"Marahaba. Mnamtakia nini?"

"Mkono tu."

"Aliyetaka ile mashine itoe sita?"

Mwandishi akafungua kijitabu mbiombio. "Huyo huyo. Mstari wa saa!"

"Nilikuwa mimi. Huyu kijana alinisaidia kuandika."

Mwandishi alimtazama bibi, akamtazama mpigapicha. Mpigapicha akainua mabega; taa ilikuwa nzuri hapo mlangoni. Mwandishi akanyoosha mkono, na bibi, ambaye kwa ujana wake wote alifua na kukamua mashuka ya hospitali nzima, akaukamata.

Ukelele wa Mwandishi ulisikika hadi kwa jirani. Kwenye picha ya kesho yake alionekana mdomo wazi, na wasomaji waliona ni furaha.

Makampuni yaliendelea kuhama, lakini kwa adabu. Mkurugenzi wa magodoro alikuja kwa bibi mara moja, akaondoka ameushika mkono wake mwenyewe kama mtoto mchanga, na tangu siku hiyo alipendekeza gazeti liwe linapiga picha za watu wakitabasamu kwa mbali. Fundi Saa alirudi chini ya ngazi. Ilibidi kwanza amwombe mlinzi aondoe birika la chai mezani. Uvimbe ulipomshuka, alishika kibanio, akaokota skrubu ndogo, akaiweka.

Msemaji akapita juu, akainama akachungulia.

"Mwasisi, bibi yuko nyumbani leo? Kuna watu wa benki."

"Yupo," alisema Fundi bila kuinua kichwa. "Waambie waje baada ya dawa. Saa ikishagonga nane."

Msemaji akaandika kiganjani: saa nane. Watu wa benki walifika wakati wenyewe, wakawatanguliza wanasheria wao wakabanwe mkono kwanza.